Kamera iliyoshindwa na kipanya yaweza kupima ng'ombe

Julai 2015 kampuni ya CME Group ya Marekani ilifunga sehemu kubwa ya mashimo ya biashara ya Chicago, mahali ambapo kwa zaidi ya karne moja bei ya mahindi, ngano na soya ilipangwa kwa kelele na kwa vidole. Mfanyabiashara aliyegeuza kiganja kuelekea kifuani kwake alikuwa ananunua. Aliyekigeuza kuelekea nje alikuwa anauza. Vidole vilivyonyooshwa mbele ya mwili vilitaja bei, na vilivyowekwa kidevuni au kwenye paji la uso vilitaja idadi ya mikataba. Kwa ishara hizo watu walielewana kutoka upande mmoja wa shimo hadi mwingine, katikati ya makelele ambayo neno la kawaida lisingesikika.

Kilichowatoa humo ni kompyuta, pamoja na kibodi na kipanya chake. Wakati uamuzi wa kufunga unatangazwa mwanzoni mwa mwaka huo, mikataba ya mauzo ya baadaye iliyokuwa ikipita shimoni ilikuwa imeshuka hadi asilimia 1 tu ya mikataba yote ya aina hiyo katika kampuni. Waliobaki shimoni walikuwa wachache, na wengi wao wenye mvi.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka hiyohiyo, upande wa pili wa Marekani, makampuni makubwa na madogo yalikuwa yakimwaga mamilioni ya dola kufanya kinyume chake. Yalitaka kukitoa kipanya mezani na kuirudisha mikono hewani. Mtu apunge mkono ukurasa ufunguke, akunje kidole picha ipungue, afumbe ngumi faili libebwe. Wakulima wa mahindi wa Illinois waliona ishara za mikono zikifukuzwa sokoni kwao, na wakati huohuo watoto wao wakinunuliwa mashine ya kuchezea kwa ishara za mikono sebuleni.

Safari hiyo, pamoja na kwamba ilianzia kwenye michezo, inawahusu wafugaji wa Afrika Mashariki kuliko inavyodhaniwa. Jicho lililotengenezwa ili kusoma kiganja cha mchezaji limeonekana kuwa na uwezo wa kusoma mgongo wa mnyama na kutaja kilo zake. Hapa nchini, ambako kuna ng'ombe zaidi ya milioni 30 na ambako wengi wao huuzwa mnadani kwa kukadiriwa kwa macho, suala la nani anajua kilo na nani hajui ni suala la fedha.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini kipanya kilishinda, maana sababu zake ndizo zinazoonyesha mahali ambapo kamera hiyo inafaa.

Kipanya si kitu kigeni tena. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English katika taasisi ya utafiti ya Stanford, California. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco Desemba 1968, lakini watu wa kawaida walianza kukifahamu baada ya kompyuta ya Macintosh kuingia sokoni mwaka 1984. Yeye mwenyewe hakupata mrabaha wowote kutokana na mamilioni ya vipanya vilivyouzwa baadaye.

Hamu ya kukiondoa ni ya zamani karibu sawa na kipanya chenyewe. Mwaka 1980 Richard Bolt wa chuo cha MIT alionyesha chumba ambacho mtu hukaa kitini, hunyoosha mkono kuelekea kwenye ukuta wenye picha na kuiambia kompyuta kwa mdomo iweke kitu fulani pale anapoonyesha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja glavu zenye nyaya zilizosoma jinsi vidole vinavyokunjwa. Za watafiti ziliuzwa kwa maelfu ya dola, na mwaka 1989 kampuni ya Mattel ikatoa ya bei nafuu kwa ajili ya michezo ya Nintendo. Halafu mwaka 2002 ikaja sinema ya Minority Report, ambamo Tom Cruise anapanga picha kwenye kioo kikubwa kwa kupeperusha mikono kama kiongozi wa bendi. Tangu hapo kila mwekezaji alitaka kumiliki kioo cha namna ile.

Mlango ulifunguka Novemba 2010. Microsoft ilianza kuuza Kinect, kifaa cha kuunganisha na mashine yake ya michezo ya Xbox, kwa takriban dola 150 za Marekani. Ndani yake kulikuwa na teknolojia ya kampuni ya PrimeSense ya Israel. Kifaa kilimwaga chumbani maelfu ya nukta za mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu, na kamera yake ikaangalia jinsi nukta hizo zilivyopinda juu ya vitu. Kutokana na kupinda huko ikajua umbali wa kila kitu, mara 30 kwa sekunde. Kabla ya hapo kamera inayopima umbali ilikuwa kifaa cha maabara, kinachouzwa kwa maelfu ya dola.

Ndani ya siku 60 za mwanzo ziliuzwa Kinect milioni 8, na kitabu cha kumbukumbu za dunia cha Guinness kikaiandika kuwa bidhaa ya elektroniki ya wananchi iliyouzwa kwa kasi kuliko zote hadi wakati huo. Siku chache tu baada ya uzinduzi, duka la vifaa vya elektroniki la Adafruit la New York lilikuwa limeshalipa zawadi ya dola 3,000 kwa mtu wa kwanza aliyeandika programu huria ya kukiunganisha kifaa hicho na kompyuta yoyote. Microsoft ilinung'unika mwanzoni, kisha mwaka uliofuata ikatoa programu yake yenyewe kwa watengenezaji.

Bei ile ya dola 150 haikutokana na hisani. Ilitokana na wingi. Wazazi milioni 8 waliomnunulia mtoto zawadi ya Krismasi ndio waliogharimia ushushaji wa bei ya kamera ambayo mtafiti wa mifugo asingeweza kuinunua hata kwa bajeti ya mwaka mzima. Hali hiyo ilikuja kuwa na gharama zake baadaye.

Julai 2013 kampuni ya Leap Motion ya San Francisco ilienda mbali zaidi. Ilitoa kijisanduku kidogo cha kuweka mezani mbele ya kibodi, kikauzwa kwa takriban dola 80, na kikaahidi kusoma vidole vyote kumi kwa usahihi wa sehemu ndogo kabisa ya milimita. Matangazo yalizungumza waziwazi juu ya mwisho wa kipanya. Kampuni ya HP ikakiweka ndani ya kompyuta ya mkononi. Wawekezaji waliithamini Leap Motion kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2019 iliuzwa kwa kampuni ya Uingereza, na bei iliyoripotiwa ilikuwa takriban dola milioni 30.

Mkono wa mtu mzima una uzito wa karibu asilimia 5 ya mwili wake. Mtu wa kilo 70 anaponyoosha mkono mbele ya kompyuta ananing'iniza kilo tatu na nusu kutoka begani. Kwa dakika mbili hilo ni mchezo, kwa saa nane ni adhabu ya shule. Wahandisi walilifahamu tatizo hili tangu miaka ya 1980, walipojaribu vioo vya kugusa vilivyosimama wima, na wakalibandika jina la mkono wa sokwe kwa sababu mtumiaji alihisi mkono umekuwa mzito na mrefu. Kipanya kinaulaza mkono juu ya meza. Kazi yote hufanywa na vidole na kifundo, kwa mwendo wa sentimita chache tu.

Kuna na tatizo la kujua mtu amekusudia nini. Kipanya kisipobonyezwa hakifanyi kitu. Mkono ulio hewani haunyamazi kamwe: hujikuna sikio, hufukuza nzi, husalimia anayepita mlangoni. Kamera inaona yote hayo na inabidi ibahatishe lipi ni agizo. Karani wa chama cha msingi anayejaza daftari la wanachama kwenye kompyuta hawezi kukubali faili lifungike kwa sababu amepiga chafya. Aidha, kipanya cha kawaida hakizidi bei ya kuku wa kienyeji, na kikiharibika hununuliwa kingine dukani jioni hiyohiyo. Kitu kinachotaka kukiondoa lazima kiwe bora kwa kiasi kikubwa, na hiki hakikuwa.

Hata Google ilijaribu. Simu yake ya Pixel 4 ya mwaka 2019 ilikuwa na rada ndogo iliyosoma mkono unaopita juu ya kioo. Rada hiyo ilihitaji masafa ambayo India haikuwa imeruhusu, hivyo simu nzima haikuuzwa India, soko la watu zaidi ya bilioni moja, kwa ajili ya kumwezesha mtu aruke wimbo bila kugusa simu. Toleo lililofuata halikuwa na rada. Apple nayo, katika miwani yake ya Vision Pro iliyoanza kuuzwa Februari 2024 kwa dola 3,499, imekwepa mkono wa sokwe kwa kumruhusu mtumiaji kupumzisha mikono mapajani na kubana vidole viwili tu huku macho yakichagua. Ni ufumbuzi wa kiufundi unaovutia, kwa bei ya ng'ombe kadhaa.

Mahali ambapo ishara za mikono zilipata kazi ya kweli ni pale ambapo mkono hauruhusiwi kugusa. Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya Sunnybrook ya Toronto, Canada, walitumia Kinect kuperuzi picha za ndani ya mwili wa mgonjwa wakiwa katikati ya upasuaji. Awali daktari alilazimika kumwelekeza mtu mwingine abonyeze, au atoke, aguse kipanya kisha aoshe mikono upya. Mwaka uliofuata hospitali ya St Thomas' ya London nayo ilijaribu mfumo wa aina hiyo katika upasuaji wa mishipa.

Wapo wanaotaka kuhamishia hoja hiyo machinjioni, kwenye vituo vya kukusanyia maziwa na kwenye viwanda vya minofu ya samaki vya Mwanza, kwamba huko nako mikono ama ni michafu ama haitakiwi kuchafuliwa. Hoja ina ukweli ndani yake, ila inasahau kwamba tatizo la kutogusa lilishapatiwa dawa rahisi zamani. Bomba la viwanda vya chakula hufunguliwa kwa goti au kwa mguu. Kibuyu chirizi cha shule ya msingi, kile kidumu kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kinafanya kazi hiyohiyo, na mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa corona kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya kukanyaga iliyotengenezwa na fundi wa mtaani. Kompyuta ya kituo cha maziwa inaweza kufungiwa kitufe cha kukanyaga kwa gharama ndogo sana. Anayetaka kuuza kamera huko aeleze kwanza inazidi kitufe hicho kwa nini.

Lakini kamera ina uwezo mwingine ambao kitufe hakina, na hapo ndipo biashara ya mifugo inapoingia.

Kifaa kinachoweza kupima umbo la kiganja kwa umbali kinaweza kupima umbo la kitu chochote. Watafiti wa mifugo hawakuchelewa kuliona hilo. Mwaka 2014 mtafiti wa Norsvin, chama cha Norway kinachoendeleza mbegu bora za nguruwe, alichapisha matokeo ya mfumo uliotumia Kinect iliyotundikwa juu ya nguruwe. Kutokana na umbo la mgongo peke yake, kompyuta ilikadiria uzito kwa kosa la takriban asilimia 4 hadi 5. Nguruwe hakuguswa wala kusukumwa kwenye mizani. Kampuni ya DeLaval ya Sweden nayo huuza kamera inayotundikwa juu ya lango ambalo ng'ombe wa maziwa hupitia, ikampa kila mmoja alama ya hali ya mwili, yaani kama amekonda au amenenepa, kazi ambayo zamani ilihitaji jicho la mtaalamu aliyezoea.

Sasa mtazame mfugaji anayefikisha ng'ombe wake mnada wa Pugu, Dar es Salaam, kutoka mikoa ya kati au Kanda ya Ziwa. Mnyama amesafiri kwenye lori, amepungua njiani, na kila siku anayokaa bila kuuzwa ni gharama ya majani, maji na mchungaji. Mnunuzi anayesimama mbele yake amenunua ng'ombe wengi wiki hiyo na kila mmoja ameuona ukining'inizwa buchani. Anajua kwa uzoefu kilo ngapi za nyama zitatoka. Mfugaji anajua jina la ng'ombe, mama yake na mwaka aliozaliwa, ila kilo hazijui. Katikati yao yupo dalali, ambaye anazijua vizuri na hana sababu ya kuzitaja kwa sauti.

Chukua mfano wa ng'ombe mwenye uzito hai wa kilo 250. Akikadiriwa kuwa na kilo 225, mfugaji amepoteza kilo 25. Kwa ng'ombe wa asili ambaye nusu ya uzito wake ndiyo nyama na mifupa inayofika buchani, hizo ni kilo 12 na nusu. Kama kilo moja ya nyama buchani ni sh 10,000, thamani iliyohama mkono ni sh 125,000 kwa mnyama mmoja, na hakuna aliyeiba. Ni tofauti tu ya macho mawili yaliyozoea na macho mawili yasiyozoea.

Kwa upande mwingine, uzito hauhusiki na kuuza tu. Dawa ya minyoo, ya ndorobo au ya ndigana hutolewa kulingana na kilo. Mfugaji anayekisia chini humpa mnyama dozi pungufu, ugonjwa haponi sawasawa na vimelea hujifunza kuizoea dawa. Anayekisia juu anachoma fedha.

Ni wazi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuchukua kifaa cha nguruwe wa Norway na kukipeleka Pugu kama kilivyo. Nguruwe yule yuko bandani, chini ya taa, na wenzake wote wana umbo linalofanana. Ng'ombe wa asili ana nundu, ana ngozi inayoning'inia shingoni, na kundi moja linaweza kuwa na zebu mtupu, chotara na wale walioguswa na damu ya Boran. Hesabu iliyojifunza kwa mnyama mwenye mgongo ulionyooka itaidhania nundu kuwa nyama. Halafu kuna jua. Nukta za Kinect ya kwanza zilikuwa za mwanga wa aina ileile ambayo jua linaimwaga kwa wingi, kwa hiyo nje mchana kifaa kilikuwa kama tochi iliyowashwa saa sita. Kilifaa sebuleni na bandani, hakikufaa uwanjani.

Tatizo kubwa zaidi, na ambalo wachumi wangepaswa kulipigia kelele mapema, ni lile la bei ya dola 150. Bei hiyo ilikuwepo kwa sababu ya soko la michezo, na soko la michezo lilipochoka na kupunga mikono, bei iliondoka pamoja na kifaa chenyewe. Apple iliinunua PrimeSense mwaka 2013, na teknolojia ya nukta ikaja kuonekana tena mwaka 2017 ndani ya iPhone X, ikitambua sura ya mwenye simu. Mwaka huohuo Microsoft ikaacha kutengeneza Kinect. Maabara zilizokuwa zimeandika programu zao za nguruwe, ng'ombe na mimea juu ya kifaa hicho zilibaki na chaguo la kusaka vilivyotumika au kuanza upya. Mwaka 2019 Microsoft ilitangaza nyingine kwa ajili ya viwanda na watafiti, Azure Kinect, kwa dola 399. Waliohamia huko wakaambiwa mwaka 2023 kwamba nayo inakoma, wakaelekezwa kwa kampuni nyingine iliyopewa leseni ya teknolojia hiyo.

Mara mbili ndani ya miaka sita. Mfugaji au chama cha ushirika hakiwezi kupanga uwekezaji wa miaka kumi juu ya kifaa ambacho uhai wake unaamuliwa na watoto wa Marekani wanataka kuchezea nini Krismasi ijayo. Wasimamizi wa miradi ya wafadhili, ambao kila mwaka huja na kifaa kipya chenye nembo, wangefaa kuulizwa swali moja kabla ya kupewa chumba cha mkutano: kampuni hii ikiacha kutengeneza kifaa hiki, kazi itaendeleaje?

Bahati nzuri jibu limeanza kupatikana, na limetoka kwenye utafiti uleule wa kusoma mikono. Agosti 2019 Google ilitoa bure, kwa leseni huria, programu ya MediaPipe inayotambua mkono kwa kutumia kamera ya kawaida ya simu. Haina nukta wala rada. Inatafuta alama 21 kwenye kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, na ilifundishwa kwa picha zipatazo 30,000 za mikono halisi ambazo watu walikaa na kuziwekea alama moja moja, pamoja na nyingine zilizochorwa kwa kompyuta. Mwanafunzi yeyote wa kompyuta anaweza leo kuiunganisha na OpenCV, mkusanyiko wa programu huria ulioanzia kampuni ya Intel mwaka 1999, na jioni hiyohiyo akawa anasogeza mshale wa kompyuta kwa kidole bila kipanya. Wengi hufanya hivyo kama zoezi la chuo, wanapiga makofi, kisha wanarudi kwenye kipanya kwa sababu mkono umechoka.

Zoezi hilo lingekuwa na faida zaidi kama alama 21 zingehamishwa kutoka kwenye kiganja kwenda kwenye ng'ombe: ncha ya bega, kilele cha nundu, mwisho wa mbavu, nyonga, shina la mkia. Kanuni ni ileile. Kinachokosekana ni picha za ng'ombe wa hapa, kila moja ikiambatana na kilo za kweli zilizotoka kwenye mizani. Bila kilo za mizani picha ni picha tu.

Haya si mambo ya kufikirika. Mihogo imeshapita njia hiyo. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa chuo kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, humwezesha mkulima kuelekeza kamera kwenye jani la muhogo na kuambiwa kama lina dalili za batobato au za michirizi ya kahawia, hata mahali pasipo na mtandao. Utafiti uliotangulia kazi hiyo, uliochapishwa mwaka 2017, ulitumia picha za majani zilizopigwa mashambani hapa Tanzania. Kompyuta ilijifunza muhogo wa hapa, wenye magonjwa ya hapa, chini ya jua la hapa.

Kwa ng'ombe, mahali pa kuanzia panajulikana. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, ina vituo mikoani, na ranchi za taifa kama Kongwa na Ruvu zina mifugo ya kutosha. Kila ng'ombe anayepimwa kwenye mizani katika maeneo hayo apigwe picha ubavuni na juu, akiwa na rula au fimbo yenye vipimo pembeni, na kumbukumbu ziwekwe wazi kwa umma badala ya kufungiwa kwenye kompyuta ya mradi hadi mradi uishe. Gharama yake kubwa ni muda wa watu. Vijana wa taasisi za teknolojia wanaotafuta mada ya mwaka wa mwisho hawatahitaji tena kutengeneza kipanya cha hewani.

Kumbukumbu kuwa wazi kuna maana ya kibiashara. Kama picha na hesabu zitamilikiwa na kampuni moja, kampuni hiyo itamuuzia anayeweza kulipa, na mnadani anayeweza kulipa ni mnunuzi. Simu itakayotaja kilo itakuwa mkononi mwa yule ambaye tayari anazijua, akiongezewa uhakika. Kijiji cha wafugaji kingebaki palepale. Kama zitakuwa huria, chama cha wafugaji kitaweza kuwa na simu yake, na kijana mmoja mwenye kuisoma, na bei itaanza kuzungumzwa kwa kilo kabla lori halijapakiwa.

Wakala wa Vipimo nao wanahusika. Kilo zilizokadiriwa na kamera haziwezi kuwa msingi wa malipo kisheria kama zilivyo za mizani iliyokaguliwa, na haifai ziwe hivyo hadi ijulikane zinakosea kwa kiasi gani kwa zebu, kwa chotara, kwa aliyeshiba maji na kwa aliyetoka safari. Hadi hapo kazi ya kamera ni kumpa muuzaji namba ya kuanzia mazungumzo. Kwa sababu hiyo hakuna udhuru wa kuchelewesha mizani minadani kwa kisingizio kwamba teknolojia mpya iko njiani. Pale ilipofungwa mizani ikawa haitumiki kwa sababu wanunuzi wanaikwepa, halmashauri inayokusanya ushuru wa mnada huo ina uwezo wa kuagiza kwamba hakuna mnyama anayetoka langoni bila kupita juu yake.

Na kwa mfugaji asiye na simu janja wala mizani karibu, upo utepe. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ng'ombe zebu wa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba mzunguko wa kifua, unaopimwa nyuma tu ya miguu ya mbele, unakadiria uzito wa ng'ombe hao vizuri, alimradi hesabu iwe imetengenezwa kwa zebu na si kwa ng'ombe wa kigeni. Utepe huo hauhitaji chaji. Mtu mmoja anashika kichwa, mwingine anazungusha, wa tatu anaandika.